Waite watu udongo ukiwa mbichi

Wadogo zangu wachongaji wa Arusha, wengi wenu mmezoea kuuza vinyago. Mteja anakiona kimekwisha, akikipenda analipa. Sanamu ya mji inaagizwa na kulipiwa kabla haijakuwepo, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Kazi yangu ya kwanza ya aina hiyo, niliyemfanyia aliniletea picha moja ya marehemu. Nikafinyanga, akapita jioni moja akasema, "Endelea." Nikapiga kalibu, yaani ganda linaloshika umbo la udongo ili sanamu yenyewe imiminwe humo. Siku ya kufunua kitambaa, mjane alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Mume wangu hakuwa na shingo hii." Mpaka leo nikipita pale naitazama shingo ile. Kwenye udongo ingekuwa kazi ya asubuhi moja na kijiti. Zege likishashika nondo utabomoa tu, na shaba nyeusi ndiyo kabisa: inamiminwa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000, na ikipoa imekwisha.

Tangu hapo mkataba wangu una kifungu: udongo ukikamilika, waje waliomjua mtu. Afisa peke yake hatoshi. Aje mke, waje watoto, aje hata fundi aliyemshonea koti. Wazunguke, waseme, nirekebishe mbele yao. Wakiridhika wanasaini, awamu ya pili inalipwa, ndipo kalibu. Halmashauri ikikuharakisha kwa sababu ya sherehe, shikilia kifungu hicho kuliko bei.

Kisha pandisha udongo juu, uutazame toka chini. Pale Mnara wa Saa watu wanapita ndani ya daladala, hawasomi kope. Mtazameni yule Askari wa Samora Avenue, Dar es Salaam, aliyesimama tangu 1927. Hata usipouona uso, umbo tu linakwambia ni askari anayesonga mbele, singe ikielekea bandarini. Juu ya kitako kirefu kichwa huonekana kidogo, kwa hiyo kiongezeni kiasi.

Kwa zege, nondo zisikae karibu na ngozi ya sanamu. Mvua za masika zikipenya, kutu inavimba na kupasua.

Na wakati mnawasubiri wageni, funikeni udongo kwa gunia bichi, juu yake nailoni. Januari hapa siku mbili zinatosha kuupasua.