Tonsesi za Mtoto: Kwa Nini Dozi Ni Siku 10

Makoo mengi yanayouma hayahitaji antibayotiki hata kidogo. Machache yanayozihitaji, yanazihitaji kwa siku 10 kamili. Mambo huharibika hapo: mtoto mwenye mafua tu anabebeshwa kapsuli, na yule mwenye strepi, yaani bakteria wa koo, anapewa za siku 3 kwa sababu homa imeshuka na hela imeishia hapo. Tunaandika kwa mzazi na kwa muuza dawa pia, maana uamuzi mwingi hufanyika kaunta ya duka la dawa, si hospitalini.

Strepi mwenyewe ni streptokokasi wa kundi A. Ni bakteria wa duara wanaojipanga mnyororo, na chini ya darubini huonekana wa zambarau wakipakwa rangi kwa njia aliyoitangaza Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, mwaka 1884. Ndugu yao stafilokokasi, anayeleta majipu, hukaa vishada. Stafilokokasi wengi walishajua zamani kuivunja penisilini, lakini strepi wa kundi A hadi leo hawajaizoea. Penisilini ile ya kawaida, ya bei nafuu, bado inawaua. Kwa hiyo usiuziwe dawa ya ghali ukidhani ndiyo kali zaidi. Azithromaisini ni ya mwenye mzio wa kweli wa penisilini, na wapo strepi walioizoea. Kotrimoksazoli na tetrasaiklini ziache kabisa kwa koo hili.

Utamtambuaje? Strepi huja ghafla: homa ya juu ya nyuzi 38, koo linauma kumeza hata mate, tonsesi zimevimba na mara nyingi zina madoa ya usaha, na matezi ya mbele ya shingo, chini ya taya, yanauma ukiyabonyeza. Umri wake hasa ni miaka 5 hadi 15. Sasa tazama kisichokuwepo. Mtoto mwenye kikohozi, kamasi jepesi, sauti iliyokauka au macho mekundu ana virusi karibu kila mara. Mpe parasetamoli, maji na muda. Wakati mwingine strepi huleta vipele vidogo mwilini ambavyo kwenye ngozi yetu nyeusi havionekani wekundu. Pitisha kiganja tumboni na kifuani: ngozi inakwaruza kama msasa.

Palipo na kipimo cha haraka, pamba ipite kwenye tonsesi zote mbili na ukuta wa nyuma wa koo, bila kugusa ulimi. Ikiishia kwenye ulimi, jibu la "hana" halina maana.

Koo lenyewe hupona hata bila dawa, kwa kawaida ndani ya wiki. Tunachokikimbia ni kinachofuata. Wiki 2 hadi 4 baadaye kinga ya baadhi ya watoto, iliyokuwa inapigana na strepi, inageukia viungo na vali za moyo (milango inayopitisha damu upande mmoja), hasa vali ya mitro iliyo upande wa kushoto. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Kila inaporudi huacha kovu juu ya kovu, mpaka vali inashindwa kufunga au kufunguka. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inazuia. Basi hakuna haja ya kukimbizana usiku, lakini wiki mbili za kusubiri ni nyingi mno. Huko Uingereza mgonjwa anaweza kuandikiwa siku 5, kwa kuwa homa ya rumatiki imekuwa adimu kwao. Kwetu si adimu, kwa hiyo usiiazime dozi yao.

Twende kwenye hesabu. Amoksilini ni miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, isizidi gramu 1, siku 10. Mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 750. Kwa dawa ya maji ya miligramu 250 kwa mililita 5, hizo ni mililita 15 kila siku, yaani 150 kwa dozi nzima. Chupa ni ya mililita 100. Chupa moja haitoshi, na hapa ndipo wazazi wengi huacha siku ya 6 au ya 7 wakiamini wamemaliza. Kama dukani ipo ya 125 tu, utahitaji chupa tatu. Nunua zote, lakini usichanganye ya pili kabla ya kwanza kuisha, kwa sababu ikishachanganywa nguvu yake hupungua. Nje ya friji nyingi ni za siku 7, soma lebo. Kuchanganya: gonga chupa unga ulegee, tia hadi nusu maji yaliyochemshwa yakapoa, tikisa, subiri povu litulie, ndipo ujaze mpaka mstari. Ukijaza povu likiwa juu, maji yatapungua na dawa itakuwa nzito kuliko ilivyoandikwa. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya nyumbani havilingani.

Mtoto wa kilo 20 kwenda juu anafikia gramu 1: kapsuli 4 za 250 kwa siku, jumla 40. Ile "moja kutwa mara tatu, siku tano" inatoa kapsuli 15. Muuza dawa, tafadhali, usikubali kukata dozi.

Ukiona siku 10 hazitawezekana, omba sindano moja ya benzathini penisilini: yuniti 600,000 kwa aliye chini ya kilo 27, milioni 1.2 kuanzia hapo. Ni dozi nzima kwa mara moja. Ni dawa nzito na huziba sindano ikikaa, kwa hiyo ichanganywe na kuchomwa papo hapo, kwenye msuli, taratibu kwa dakika 2 au 3. Kamwe isiingie kwenye mshipa wa damu. Inaweza kusimamisha moyo. Inauma. Spiriti ikauke kwanza kwenye ngozi, na mahali pa kuchoma pabonyezwe kidole kwa sekunde 10 kabla. Mtoto abaki kituoni nusu saa, na adrenalini, dawa ya kuokoa mwenye mzio mkali, iwe mkononi, si kwenye kabati lililofungwa.

Na kimeo msikate. Kimeo hakisababishi tonsesi wala kikohozi. Kukikata kunaleta damu, maambukizi, pengine kifo, na strepi wanabaki palepale. Mtoto anayetiririka mate, asiyeweza kufungua kinywa au anayepumua kwa shida apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Huenda ana jipu nyuma ya tonsesi.

Wiki zinazofuata baada ya koo kuuma, angalia magoti, vifundo vya miguu na viwiko. Kiungo kinavimba na kuuma vikali, kisha kinapoa na kingine kinaanza. Usimpe diklofenaki wala aspirini kabla hajaonwa, kwa kuwa maumivu yatafutika na daktari atakosa dalili anayoitafuta. Dalili nyingine huchelewa hata miezi: mikono inacheza yenyewe, anaangusha vikombe, mwandiko unaharibika, na nyumbani wanadhani amerogwa au ni mtundu. Kipimo cha ASOT, kile cha damu kinachopima kinga dhidi ya strepi, kikiwa juu peke yake hakithibitishi homa ya rumatiki. Kinaonyesha tu kwamba strepi walipita.

Aliyekwisha kuugua homa ya rumatiki anachomwa benzathini kila wiki 3 au 4. Kama moyo haukuguswa, ni miaka 5 au hadi atimize miaka 21, lolote litakalochelewa zaidi. Vali ikiwa na kovu, mara nyingi hadi atimize miaka 40. Kaskazini mwa Uganda, utafiti uliotolewa 2021 uliwafuatilia kwa miaka miwili karibu watoto 800 ambao vali zao zilikuwa na dalili za mwanzo zisizosikika kwa kifaa cha kusikilizia moyo. Kati ya waliochomwa kila wiki 4, ugonjwa ulisonga kwa 3. Kati ya wasiochomwa, 33.

Andika tarehe ya sindano ijayo kwenye daftari la kliniki kabla hamjatoka mlangoni. Anayekwenda shule ya bweni abebe barua yenye dozi na tarehe, na apelekwe zahanati ya karibu na shule kabla muhula haujaanza. Mwenye vali iliyobana sana, au anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala, aulize daktari wake wa moyo kama abadilishiwe apewe vidonge, kwa kuwa sindano kwake ina hatari zaidi. Na msichana mwenye kovu la vali apimwe eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kabla ya kushika mimba, kwani damu huongezeka sana ujauzitoni na vali iliyobana huanza kumkosesha pumzi wakati huo.