Kabla Hujanunua Pikapu Mpya ya Gita, Shika Bisibisi

Nimeandikiwa na mpiga gita wa bendi ya hoteli hapa Malindi. Gita lake la umeme lina pikapu tatu za koili moja, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, na malalamiko ni mawili: ya shingoni inazimeza zile nyingine, na uzi wa E nene ukibanwa kuanzia freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwenda juu unatoa sauti mbili zinazogombana. Kuna fundi amemshauri anunue pikapu mpya. Asinunue. Hicho ni kimo cha pikapu tu, na dawa yake ni bisibisi ya nyota na rula ya chuma.

Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, na mzunguko huo wa waya ndio koili. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazalika ndani ya waya. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapokaa mwilini mwa gita, uzi unatikisika kidogo, upande wa shingo unayumba sana. Ndiyo maana pikapu zinazofanana zikiwa kimo kimoja, ya shingoni itazishinda. Na sumaku ikisogea karibu mno inauvuta uzi wenyewe, uzi haupati nafasi ya kuyumba sawasawa, na hapo ndipo zinapotoka zile sauti mbili, tena zinakatika upesi. Watu hupoteza siku nzima wakisogeza vidaraja vya nyuma na kulaumu nyuzi. Shusha pikapu zote mpaka chini, kisha piga tena. Ugomvi ukiisha, sumaku ndiyo iliyokuwa na kosa.

Kupima kunakuja mwisho, baada ya kutia nyuzi mpya, kunyoosha shingo na kuweka kimo cha nyuzi. Ukigusa daraja baadaye, vipimo vyote vya pikapu vimeharibika. Bana E nene kwenye freti ya mwisho kabisa, usiuachie, upime kutoka chini ya uzi hadi juu ya sumaku. Fanya vivyo hivyo kwa E nyembamba. Kwa pikapu za koili moja za mtindo wa zamani, kampuni ya gita ya Fender wanaanzia milimita 2.4 upande wa nyuzi nene na 2.0 upande wa nyembamba. Pikapu zao zenye nguvu zaidi, kama Texas Special, huanzia 3.2 na 2.4. Kampuni ya Gibson kwa pikapu zao za koili mbili, zile hambaka, huweka 2.4 shingoni na 1.6 darajani. Huna rula nzuri? Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo mbili ni kama 1.5 na tatu ni kama 2.3. Tumia zilizokwisha muda, kwani sumaku inaweza kufuta ule utepe mweusi wa nyuma.

Zungusha skrubu nusu mzunguko, kisha sikiliza. Kwenye gita nyingi kukaza kunapandisha pikapu, lakini iliyofungwa moja kwa moja kwenye mbao inashuka ukikaza. Usilegeze mpaka skrubu itoke, maana pikapu itatumbukia ndani na itabidi ung'oe nyuzi zote. Shika bisibisi kwa mikono miwili, sumaku itaivuta, na ikichubua waya wa koili umekwisha. Pikapu ikicheza cheza, springi imechoka. Kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki kinafanya kazi ile ile.

Anza na ya darajani, uiweke mahali unapoipenda, halafu shusha ya shingoni mpaka zilingane ukibadilisha swichi. Pima kwa sauti ile ile ya jukwaani, maana sauti ya chumbani itakudanganya. Nami nasema wazi: wapigaji wengi wa Pwani wamepandisha pikapu kupita kiasi. Wanatafuta nguvu, ilhali nguvu iko kwenye amplifaya. Shusha, utasikia uzi ukipumua.

Sasa mchanganyiko. Swichi ya nafasi tano ilikuja rasmi kwenye Stratocaster, gita la Fender la pikapu tatu, mwaka 1977. Kabla ya hapo ilikuwa ya nafasi tatu, na wapigaji waliikwamisha katikati ya nafasi mbili ili wapate pikapu mbili kwa pamoja. Nafasi ya 2, daraja na kati, inakata vizuri kwenye solo za muziki wa bango bila kuchoma masikio. Nafasi ya 4, kati na shingo, ndiyo ninayoipendekeza kwa kuchapa chakacha, na kwa taarabu pia, kwa kuwa fidla na kinanda tayari zimeshika utamu wa katikati na gita linatakiwa kukaa jembamba. Sauti itapungua kidogo katika nafasi hizo, na hiyo ni kawaida. Kama pikapu ya kati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, ule mvumo wa taa na nyaya za hoteli utapotea hapo. Ukibaki vilevile, pikapu zako zote ni za upande mmoja.

Ukibadilisha pikapu moja na kuweka ya kampuni nyingine, kisha mbili zikiwashwa pamoja zikalia nyembamba kama zimeziba pua, zinapingana. Badilisha mahali pa nyaya mbili za pikapu moja, ile ya ardhi na ile ya sauti. Kama ina kifuniko cha chuma, tenganisha kwanza waya wa ardhi wa kifuniko, la sivyo kitavuma.

Uzi wa G ukisikika mkubwa kuliko wenzake kwenye pikapu ya mtindo wa zamani, sababu ni kwamba sumaku yake iliinuliwa kwa ajili ya G iliyozungushiwa waya, ya miaka ya 1950. Usiisukume chini kwa nyundo wala kidole: koili imezungushwa juu ya sumaku hizo, na waya utakatika. Inamisha pikapu nzima kidogo. Hambaka zina skrubu sita za kurekebisha uzi mmoja mmoja.

Na chumvi ya hapa, Malindi na Lamu sawasawa, hasa wakati wa kusi, haisamehi. Skrubu ikishika kutu usiilazimishe. Chovya kijiti cha meno kwenye mafuta ya cherehani, tia tone moja kichwani, ngoja mpaka asubuhi. Usipulizie dawa ya kopo juu ya pikapu. Kila ukimaliza kupiga, pangusa nyuzi na vichwa vya sumaku kwa kitambaa kikavu, kwa sababu kutu ikishuka kando ya sumaku inaufikia waya wa koili.