"Funga SSH": kusakinisha, kuzima au kuzuia?

SWALI: Ninaandaa mwongozo wa mafundi wetu wa Moshi wanaoingia kwa mbali kwenye seva iliyoko ofisi ya Arusha kwa SSH, yaani njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao. Nimeandika: "Funga SSH, kisha funga neno la siri, halafu mtumiaji ataingilia seva kwa ufunguo." Fundi mmoja ameelewa kinyume kabisa. Nimekosea wapi? – Msomaji, Moshi

JIBU: "Funga" si kosa la sarufi. Fundi gereji akifunga injini, anaiweka mahali pake ifanye kazi. Mwenye duka akifunga duka, kazi imekoma. Kwenye seva mambo yote mawili hufanyika, kwa hiyo muktadha haumsaidii msomaji wako. Andika hivi: programu husakinishwa, huduma huwashwa au huzimwa, njia ya kuingia huruhusiwa au huzuiwa.

"Ataingilia seva" ni kosa zito zaidi. "Mlango wa kuingilia" ni sahihi, kwani hapo -li- inaonyesha njia. Lakini kitenzi hicho kikichukua yambwa (kinachotendwa), kama katika kuingilia mazungumzo au kuingilia ndoa ya watu, maana yake ni kujipenyeza usipotakiwa. Mtumiaji halali huingia kwenye seva. Mdukuzi ndiye anayeiingilia.

"Ufunguo" peke yake nao hautoshi, maana funguo ziko mbili. Ufunguo wa umma huwekwa kwenye seva, ndani ya faili la authorized_keys, yaani orodha ya funguo zinazoruhusiwa. Ufunguo wa siri haubanduki kwenye kompyuta ya mwenyewe. Ukiandika "nitumie ufunguo", kuna atakayekutumia ule wa siri kwa WhatsApp, na jozi hiyo itabidi itupwe. Andika: "nitumie faili linaloishia na .pub", yaani ufunguo wa umma.

Sasa "kisha" na "halafu". Maneno haya hupanga mfuatano tu, hayaweki sharti. Ukizuia neno la siri kabla ya ufunguo kukubalika, mmejifungia nje, na kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi. Kiswahili kina kiambishi kinachobeba sharti hilo vizuri mno: -sha-. Ningeandika:

"Kwenye kompyuta yako, tengeneza jozi ya funguo kwa ssh-keygen -t ed25519. Peleka ufunguo wa umma kwenye seva kwa ssh-copy-id. Fungua dirisha la pili, ujaribu kuingia. Ukishaingia bila kuulizwa neno la siri la akaunti, nenda kwenye faili la mipangilio ya SSH, /etc/ssh/sshd_config, uweke PasswordAuthentication no (kuzuia neno la siri) na PermitRootLogin no (kumzuia root, msimamizi mkuu, kuingia moja kwa moja). Kagua faili hilo kwa sudo sshd -t. Isipotoa kosa, washa upya huduma, lakini usikate muunganisho wa kwanza mpaka uwe umeingia tena kwa dirisha jingine."

Ufunguo ukikataliwa, mara nyingi sababu ni ruhusa zilizolegea: folda ya .ssh iwe 700 (mwenyewe tu ndiye aingie), authorized_keys iwe 600 (mwenyewe tu asome na kuandika).

Jambo la mwisho: baada ya "weka", ongeza "hakikisha". SSH hushika thamani inayoisoma kwanza, na katika Ubuntu mafaili ya folda ya sshd_config.d husomwa kabla ya mistari yako. Fundi anaweza kuweka no kwa uaminifu wote, na seva ikaendelea kupokea maneno ya siri kwa sababu faili jingine limesema yes. Amri ya kuhakikishia ni sudo sshd -T, kwa T kubwa: inaonyesha mipangilio ambayo seva itaifuata ikishasoma mafaili yote.