Jibu: Waya au plastiki, meno ya juu yakifunika ya chini kabisa

Ndugu yangu, umesema meno yako ya juu yanafunika ya chini hadi haya ya chini yanauma ufizi nyuma ya yale ya juu, ukauliza kama vifuniko vya plastiki angavu vitatosha. Kwa hali hiyo mimi ningechagua waya wa kunyoosha meno.

Tatizo ni namna jino linavyoshikwa. Plastiki inalikumbatia na kulisukuma, na kulilaza upande inaweza vizuri. Kulivuta litoke kidogo kwenye ufizi, au kulizungusha jino la mviringo kama chonge, hapo huteleza. Ndiyo maana daktari hubandika vinundu vya rangi ya jino ili ipate pa kushika. Waya umegandishwa kwenye jino lenyewe, unavuta hata ukiwa usingizini. Vifuniko vinataka saa 20 hadi 22 kila siku, na ukivisahau mara kwa mara meno yanarudi yalikokuwa.

Nimevaa waya. Wiki za mwanzo shavu lilikuwa na vidonda, nikawa nabandika nta kila usiku. Inauma kweli, lakini inapita.

Kama meno yako ya mbele yangekuwa hayakutani, ningekujibu vingine, maana plastiki inayofunika magego husaidia huko.

Kabla ya kulipa, omba eksirei ya taya kwa upande. Kasoro kubwa ikiwa kwenye mfupa na umeshamaliza kukua, huenda ukahitaji na upasuaji, uvae waya au plastiki.