Unaandika mtandaoni kuhusu kazi yako ya IT? Mwenzako wa dawati la pili hajaombwa ruhusa

Wadau, kila nikikaa na vijana wanaoanza kazi kwenye mambo ya programu na seva swali linarudi lile lile: nataka niwe naandika mtandaoni ninayojifunza kazini, sasa niandike nini na niache nini? Na karibu wote wameshapewa jibu moja tu, usitoe siri za kampuni. Sawa, ni kweli, soma mkataba wako, kile kipengele cha usiri kisome mara mbili, Mark Jen aliajiriwa Google Januari 2005 akaanza kublogu maisha ya kazini na hakumaliza hata mwezi akafukuzwa. Hilo lipo na halina mjadala. Lakini kwa nilivyoona mimi miaka yote hii kazini, kampuni siyo ya kuihurumia sana, kampuni ina wanasheria, ina watu wa mawasiliano, ukiigusa itajitetea yenyewe. Asiyejitetea ni mtu, yule mnayekaa naye kwenye kikao cha asubuhi, ambaye siku moja anajikuta ndani ya hadithi yako na hukumuuliza.

Nilikuwa kwenye timu moja ndogo, usiku mmoja mfumo ukaanguka, aliyekuwa zamu ni kijana mgeni kabisa, akaendesha amri kwenye seva ya wateja akidhani yuko kwenye seva ya majaribio. Tukahangaika mpaka kila kitu kikarudi. Siku chache baadaye mwenzetu akaandika kisa kizima mtandaoni, na niseme ukweli kiliandikwa vizuri, kimejaa mafunzo, jina hakuweka, aliandika tu "junia wetu", yaani mdogo kazini. Sasa timu nzima junia alikuwa mmoja! Kila anayetufahamu alijua ni nani, na kile kisa kikasambaa kuliko kazi yoyote nzuri aliyowahi kufanya yule kijana, akawa anaenda kwenye usaili wa kazi nyingine anaulizwa kuhusu ule usiku. Mwandishi hakuwa na nia mbaya hata kidogo, ndo maana naona hili jambo linahitaji kusemwa, kwa sababu wengi wetu tunajiona salama tukishaondoa jina. Kuondoa jina hakutoshi. Kama watu watatu wanaojua unafanya kazi wapi wanaweza kumtambua, basi umeshamtaja.

Linganisha na yaliyotokea GitLab, kampuni yenye huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi kodi za programu, tarehe 31 Januari 2017. Injinia mmoja alikuwa anapambana na databesi usiku, akafuta folda ya data kwenye seva isiyo yenyewe, alipoishtukia na kuisimamisha zilikuwa zimebaki gigabaiti 4.5 hivi kati ya 300. Wakaenda kwenye bakapu, hola, programu ya kuchukua bakapu ilikuwa toleo la 9.2 wakati databesi yenyewe ni 9.6 kwa hiyo ilikuwa inashindwa kila siku, na barua pepe za kuonya kwamba imeshindwa nazo zilikuwa zinakataliwa njiani hakuna anayezipata. Walichonusurika nacho ni nakala ambayo mmoja wao alikuwa ameichukua kwa mkono kama saa sita kabla. Yote haya wakayaandika hadharani, mpaka kazi ya kurudisha data wakairusha laivu YouTube. Lakini angalia ripoti yao ya mwisho inavyomzungumzia yule mtu: ni injinia tu, na uzito wote uko kwenye mfumo, kwa nini seva mbili zinafanana kiasi kile, kwa nini bakapu hazikuwa na mwenyewe wa kuzikagua. Ukisoma unajifunza kila kitu na hupati mtu wa kumnyooshea kidole. Nikiwa na kijana anayetaka kuandika kuhusu matatizo ya mifumo huwa namwambia asome ile kwanza.

Kwa hiyo mimi nafanyaje. Nikimaliza kuandika kitu chenye mtu mwingine ndani nampelekea yeye kabla ya meneja, nampa nafasi ya kusema hapana, na hapana yake siijadili, posti siichapishi. Akiniambia toa hiki naondoa hata kama ndo sentensi niliyoipenda kuliko zote. Na siandiki wakati moto bado unawaka, tukio la wiki hii linakaa kwanza, maana hasira ya usiku wa zamu inaingia kwenye maneno bila wewe kujua. Mwanablogu wa Marekani Heather Armstrong alipoteza kazi mwaka 2002 kwa aliyoandika kwenye tovuti yake kuhusu mabosi na wafanyakazi wenzake, na kwa sasa kazi inaweza kupatikana nyingine lakini ile timu haitakuamini tena, watu watakuwa wanapima maneno mbele yako kwenye kila kikao.

Hapa mtu ataniuliza, je kama kuna uovu wa kweli? Hapo ni tofauti kabisa na nisieleweke vibaya. Susan Fowler, aliyekuwa injinia wa Uber, alipoandika Februari 2017 jinsi malalamiko yake ya unyanyasaji wa kijinsia yalivyozungushwa ndani ya kampuni, alikuwa ameshaondoka, alikuwa amepeleka ushahidi kwa watu wa rasilimali watu wakati ule ule mambo yanatokea, aliitaja kampuni wazi na yule meneja hakumtaja jina. Kufika Juni mkurugenzi mkuu akajiuzulu. Aliyeandikwa pale ni taasisi iliyoshindwa kulinda watu, na wenye nguvu ndo waliowekwa kwenye mwanga. Junia wa zamu ya usiku hana nguvu yoyote. Ukikumbuka hiyo tofauti utajua wakati gani wa kunyamaza na wakati gani kunyamaza ni dhambi.

Mtu wa pili ambaye hayupo chumbani ukiandika ni msomaji, na yeye anastahili kujua nani anakulipa. Unasifia zana fulani ya kupima seva, sawa, je unafanya kazi kwao? Una hisa? Walikupa akaunti bure? Sema, na sema juu kabisa kabla hajasoma sifa, sio chini kwenye maandishi madogo. Desemba 2006 Microsoft na AMD, watengenezaji wa chipu za kompyuta, waliwatumia wanablogu laptopu za Acer Ferrari zikiwa na Windows Vista ndani, kelele zikawa kubwa mpaka Microsoft wakawaomba waliopokea wakimaliza kuzijaribu wazigawe au wazirudishe. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, mwaka 2009 ikaweka kwenye miongozo yake kwamba hata wanablogu watamke uhusiano wa namna hiyo, ikaifanyia marekebisho tena 2023. Lakini hata mahali ambapo hakuna tume ya kukufuata, msomaji wako anaweza kuwa anaomba bajeti kwa bosi wake kwa sababu ya posti yako. Na ukiwaponda washindani wa mwajiri wako bila kusema unafanya kazi wapi, huo ni udanganyifu, sina neno laini la kuliita.

Skrinshoti nazo, jamani. Kabla ya kuiweka angalia majina ya tabu zilizofunguka juu, angalia barua pepe za wateja, angalia funguo za siri zilizobaki kwenye dirisha la amri. Na usifanye ukungu juu ya maandishi ukadhani yamefichika, kuna programu zinayarudisha, weka kisanduku cheusi kabisa halafu hifadhi kama picha mpya, au bora zaidi tengeneza data ya uongo upige picha hiyo.

La mwisho ni posti za zamani. Watu wananakili amri zetu wanaenda kuziendesha kwenye seva za watu, kwa hiyo ukigundua uliyoandika zamani siyo sahihi au toleo jipya limebadilika, usifute kimya kimya kama vile haikuwepo, weka tarehe juu, piga mstari kwenye ile ya zamani ionekane, andika iliyo sahihi na sababu yake. Na aliyekuandikia kukuonyesha kosa, kabla hujamshukuru hadharani muulize kama anataka jina lake litajwe.