Kishikio cha kikombe: kwa mnaoanza ufinyanzi

Wengi mnaoanza mnamaliza nguvu kwenye gurudumu, halafu kishikio mnakibandika harakaharaka jioni. Ndugu zangu, hapo ndipo kazi nzuri inapoharibika. Mteja hukinyanyua kikombe kwa kishikio, na kikimsumbua vidole atakirudisha mezani hata kama rangi imemvutia. Vyungu vyetu vya asili vingi havina vishikio, huepuliwa kwa kushika mdomo, kwa hiyo hata aliyefinyanga miaka mingi ana la kujifunza hapa.

Kipange kishikio ukifikiria kikombe kilichojaa. Chai ya mililita 350 inaongeza gramu 350 hivi, tena ni ya moto. Vidole viwili au vitatu vipite bila vifundo kugusa ukuta. Udongo wa kuchomwa kwa moto mkali husinyaa mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 13 tangu ubichi mpaka utoke tanurini, basi nafasi inayokutosha leo itabana baadaye. Usikitoe mbali kupita kiasi pia, kiganja kitalemewa.

Kukivuta kishikio kutoka kwenye donge ni mazoezi tu. Shika donge refu la udongo kwa juu, lowesha mkono mwingine, vuta kwenda chini taratibu huku ukiligeuza. Juu kubaki kunene, maana huko ndiko kunakobeba uzito.

Penye kazi ni unyevu. Kishikio kilichotoka kuvutwa kimelowa, kikombe kimeshaanza kukaza. Ukiviunga hivyo, kishikio kitaendelea kusinyaa wakati mwenzake ameshatulia, na ufa utatokea palepale kwenye maungio. Subiri kishikio kikaze kidogo, kiwe bado kinapindika bila kupasuka. Kikombe nacho kisibonyee ukikishika, lakini ukikigusisha shavuni usikie ubaridi wa maji. Hapo kwaruza pande zote mbili kwa uma mpaka pawe na mikwaruzo ya kina, paka uji wa udongo uleule, yaani udongo uliokorogwa na maji, ubane huku kidole cha mkono wa pili kikiegemeza ukuta kwa ndani. Kitikise kidogo kushoto na kulia hadi uhisi kimegoma kusogea. Uji wa udongo mwingine achana nao, husinyaa kwa kiasi chake.

Kisha funika. Kishikio ni chembamba na hewa inakipiga pande zote, hivyo hukauka kwanza. Usiku wa kwanza funga kikombe kizima kwa nailoni, kesho yake legeza, lakini kishikio kiendelee kuvaa kipande chake. Kwa upepo mkavu wa Dodoma mwezi wa saba, mimi huongeza siku nyingine. Na kikombe kibichi kibebe kwa tumbo, kwa mikono miwili.

Ufa ukitokea kikiwa kimeshakauka, usiuzibe kwa uji, moto utaufungua tena. Kivunje, ukiloweke, udongo urudi kazini.