Tovuti inafunguka kwa www tu: tumlipe fundi "aharakishe"?

SWALI: Assalamu alaikum. Sisi ni vijana wa Shela, Lamu, tunaandaa mashindano ya mashua. Ukurasa wa kujiandikisha tumeutengeneza kwenye huduma ya matukio ya mtandaoni, kisha fundi akatununulia domeini (jina la tovuti) ya .com. Ukianza na www unafunguka, ukiandika jina tupu bila www haupatikani, na mabango yenye jina tupu yameshabandikwa mpaka jetini Mokowe. Fundi alisema tusubiri saa 48 kwa kuwa mtandao wa kisiwani ni mzito. Hii ni wiki ya pili, na sasa anataka pesa za kuharakisha domeini isambae. Tumlipe?

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu zangu. Msimlipe hata shilingi. Huduma ya kuharakisha domeini haipo, na anayeiuza ama hajui kazi yake au anajua na anawachezea.

Hizi saa 48 nimechoka kuzisikia. Domeini haisafiri kwenda popote. Seva ya DNS ya kampuni yenu ya simu, yaani kompyuta inayotafuta jina la tovuti liko kwenye anwani gani, huuliza jina liko wapi, hupewa jibu (ndiyo rekodi), kisha hulihifadhi kwa muda ulioandikwa kwenye rekodi yenyewe. Muda huo ndio TTL, nao huhesabiwa kwa sekunde: ikiandikwa 3600, baada ya saa moja seva itauliza upya. Saa 48 zina asili yake. Kwenye rejista ya .com (daftari kuu la majina ya .com), rekodi zinazotaja seva za majina, yaani kompyuta zinazotunza rekodi za domeini, hubeba TTL ya sekunde 172,800, kwa hiyo mtu akihamisha domeini kutoka seva za majina moja kwenda nyingine, anaweza kungoja siku mbili. Nyinyi hamkuhamisha kitu. Na uzito wa mtandao hauhusiki hapa: unaweza kuchelewesha picha, lakini rekodi ama ipo ama haipo. Kama ungekuwa ndio sababu, hata www isingefunguka.

Kwa maelezo yenu, fundi aliweka rekodi ya CNAME (inayosema jina hili lifuate jina jingine) kwa www akaliacha jina tupu bila rekodi sahihi. Pengine alijaribu CNAME hapo pia ikakataliwa, maana CNAME haikai pamoja na rekodi nyingine, na jina tupu lazima liwe na rekodi za NS na SOA, zinazotaja seva za majina na taarifa za msingi za domeini. Jina tupu huwekewa rekodi ya A yenye namba ya IP (anwani ya seva kwa tarakimu) inayotolewa na huduma yenu ya matukio. Kama huduma haitoi namba, liwekeeni uelekezaji wa kupeleka watu kwenye www. Ni kazi ya dakika chache. Cheti cha kufuli, kile kinachofanya tovuti ifunguke kwa https, pia msikinunue kwanza. Huduma nyingi huchukua cha bure, kama cha Let's Encrypt, rekodi zikishakaa sawa.

Sasa niulize mimi: mbona hamkuingia wenyewe mkaangalia rekodi? Najua jibu, kwa sababu nakutana nalo kila mara. Akaunti ya msajili (kampuni inayouza domeini) ni ya fundi, barua pepe ni ya fundi, nywila anayo yeye. Watu wanaambiwa "nimewanunulia domeini" wanashukuru, kumbe kwenye usajili mwenye mali ni mwingine. Domeini hukodishwa kwa mwaka au zaidi, na notisi za kuisha muda huenda kwa barua pepe iliyosajiliwa. Kwa .com kuna jambo la karibu zaidi: barua pepe ya mwenye domeini isipothibitishwa ndani ya siku 15, msajili huisimamisha, na tovuti hupotea wakati watu wanajiandikisha. Ujumbe wa kuthibitisha unamfikia fundi, nyinyi hamuuoni.

Vikundi vya harusi, timu za mpira, kamati za misikiti, wote wanaingia mtego huu kwa kutaka mtu awafanyie kila kitu kwa bei ya chini. Fungueni akaunti ya msajili kwa barua pepe ya kikundi, lipeni wenyewe, kisha fundi mpeni ruhusa ya kurekebisha rekodi tu.

Kwa hii mliyonayo, mwambieni leo abadilishe jina la mwenye domeini na barua pepe ziwe za kikundi, kisha awakabidhi akaunti. Fanyeni hivyo mkiwa bado mnazungumza vizuri. Mkigombana, msajili humsikiliza aliyeandikwa kwenye usajili, na ujumbe wa M-Pesa wa kuonyesha kwamba nyinyi ndio mliotoa pesa huenda usiwasaidie.